Nyekundu ya Daraja

Tulimwita Fundi, basi. Landi za reli pale Voi, zile nyumba za wafanyakazi, zilikuwa na mafundi wa kila aina, wa injini, wa taa, wa mataruma, lakini ukitaja Fundi bila kuongeza neno kila mtu alijua unamsema yule mpaka rangi wa chumba cha mwisho, kile kilichokaribiana na reli mpaka vikombe viligongana rafuni treni ikipita. Ndiye aliyeandika jina la mji kwenye ubao wa stesheni, na kila lilipofifia kwa jua aliliandika upya. Alipenda kulinung'unikia. "Miji mingine jina lake linamaliza kopo," alisema. "Huu wenu herufi tatu tu. Mtu anabaki na rangi mkononi, sasa aende nayo wapi?"

Alienda nayo nyumbani. Maneno hayo aliyasema kwa mzaha, huku akitikisa kopo sikioni asikie kilichobaki, na sisi watoto tulicheka kila mara kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Siku hizi nikiyakumbuka sicheki.

Alikotoka sitaeleza sana, kwa sababu hata mwenyewe hakupenda kueleza. Alikuja kutoka upande wa ziwa, kama nusu ya majirani zetu. Sisi tulikuwa watu wa Mbololo tulioshushwa mlimani na kazi ya baba, aliyekuwa akibadilisha njia za treni. Huo ulikuwa mwanzo wa miaka ya hamsini, nami nilikuwa na miaka kumi au inayokaribia hapo. Nilikuwa na mdomo mrefu kuliko wa watoto wenzangu wote, na mama hakuacha kunikumbusha.

Kazini, Fundi alikuwa mtu wa mistari. Alikuwa na uzi aliousugua kwa chaki. Aliuvuta ubaoni, akaudonoa kwa vidole viwili, na palibaki mstari ulionyooka kabisa. Herufi ikizidi mstari kwa unene wa ukucha, aliifuta yote akaanza tena, hata kama msimamizi alikuwa amesimama nyuma yake akikohoa kwa haraka. Ncha ya brashi aliichongoa kwa midomo, jinsi mama alivyochongoa uzi kabla ya kuupitisha kwenye sindano. Aliilamba, akaizungusha, akaandika. Akicheka, kwenye ufizi wake, chini kabisa ya meno, ulionekana mstari mwembamba wa buluu iliyochafuka. Tulidhani ni rangi iliyokataa kutoka, na tulimtania kwamba amejipigia mstari hata mdomoni.

Jumamosi mchana, kazi ikiisha, yule mtu wa mistari alipotea. Alikaa uani kwake na kifua wazi, akatuita watoto, na tukamwaga rangi. Hatukuwa na jina lingine la mchezo ule. Tulisema tu, leo tunamwaga.

Ilikuwa hivi. Alikata debe, akaligonga likawa bapa, na kingo zake akazikunja zisitukate vidole. Kisha alichukua kopo tupu la maziwa na kumimina humo mabaki yake, moja juu ya jingine, taratibu, bila kukoroga: nyeupe ya vibao, nyeusi ya herufi, kijani cha milango ya landi, na mwisho kabisa ile aliyoiita nyekundu ya daraja. Hii ilikuwa nyekundu ya kuelekea rangi ya chungwa, nayo ilipakwa kwenye vyuma vya madaraja ili visiliwe na kutu. Kopo lake lilikuwa zito ajabu. Ukiliinua ulidhani mtu ametia mawe ndani.

Vyote vikishaingia, alilifunika kopo kwa lile bati na kuvipindua vyote viwili kwa pamoja, halafu akaliinua kopo. Rangi ilitoka na kujitandaza yenyewe, na sisi, kila mmoja ameshika pembe yake, tukainamisha bati huku na kule. Nyeupe ilimeza nyeusi, kijani kikatokeza chini ya nyekundu. Alidondosha tone moja la mafuta ya taa, na hapo rangi ilijifungua, yakatokea matundu ya mviringo yaliyotutazama. Ukinyoosha kidole alikupiga kwenye kiwiko. "Usishike. Wacha itembee. Kazi yako ni kushika bati, hiyo nyingine ni yake."

Wa mwisho kuinamisha hakuwa mmoja wetu. Tuliliweka bati chini, juu ya mchanga, tukasubiri treni ya mizigo ya saa tisa. Ilipopita ardhi ilitetemeka, na rangi ilisogea mara ya mwisho bila mkono wa mtu. Baada ya hapo Fundi alilifunika bati kwa karai ili lile vumbi jekundu la Voi lisiingie, na picha ilikuwa imeisha. Alisema treni ndiyo inayotia sahihi.

Kisha alituuliza. Hakuuliza tunaona nini. Aliuliza, "Mnaona nani?" Tulimjibu ovyo: ndovu, mwalimu wa kwaya, stesheni masta akiwa hana suruali. Alicheka na sisi, lakini alikuwa akisubiri jibu jingine, na hata katika umri ule nilijua anasubiri.

Mchezo haukuanza na sisi. Ulianza na binti yake.

Jina lake nalikumbuka, lakini baba yake hakupenda litajwe na sitalitaja. Alikuwa na miaka mitano hivi, wa pekee kwake, mwenye sauti nzito isiyolingana na mwili wake. Fundi alimwaga rangi naye kila Jumamosi kabla watoto wengine hawajaalikwa, wao wawili tu, na mimi nilichungulia kwa wivu mpaka nikaitwa. Yeye hakupigwa kwenye kiwiko. Alichovya kidole kwenye nyekundu ya daraja akakilamba. "Tamu," alisema. Baba yake alicheka mpaka akashika mbavu. Nami nililamba, mara moja, ili nisipitwe. Ni kweli, ina utamu kidogo, utamu mzito unaobaki kwenye ulimi.

Miezi ile ya mwisho alilalamika tumbo. Alikuwa mweupe kwenye viganja na mwenye hasira bila sababu, akilia kwa kitu kidogo. Watu walisema ni minyoo. Siku moja alitoka kwao na mkono uliojaa nyekundu, akaupangusa kwenye gauni jeupe la mama yangu lililokuwa limeanikwa kwenye kamba, gauni la kanisani, la pekee. Mama alimfokea. Alimfokea vibaya, sitamtetea kwa hilo, mpaka mtoto akaketi chini na kuanza kutetemeka midomo. Halafu mama aliona haya, akamwinua, akampa uji kwenye kikombe cha bati. Mtoto alikunywa wote, akarudi kwao.

Jioni hiyohiyo alishikwa na degedege.

Sasa inanibidi nieleze jambo la kwetu. Taita, hasira ni kitu cha kuogopwa. Hasira ya makelele si kitu, hiyo imeshatoka. Inayoogopwa ni ile inayokaa kimya moyoni, kwa sababu wazee wanasema inaweza kumgusa mtu na kumlaza kitandani hata kama wewe mwenyewe hutaki. Dawa yake ni kutasa. Unachukua funda la maji, unalipuliza nje, na unasema kwa sauti kwamba kilichokuwa moyoni kimetoka, mgonjwa na apoe. Mama alikuwa mtu wa kanisa, tena wa kwaya, na mambo hayo hakuyafanya mbele ya watu. Lakini hakulala. Asubuhi alichukua kikombe cha maji, akaenda kusimama mbele ya mlango wa Fundi, akatasa, akisema maneno yake kwa Kidawida, lugha yetu Wataita.

Nilikuwa nyuma yake. Niliona mlango ukifunguliwa. Fundi alimtazama mwanamke amesimama kizingitini kwake, anatema, ananong'ona kwa lugha asiyoijua, na mtoto ndani amekakamaa. Aliufunga mlango polepole, mpaka nikasikia komeo. Mtoto alikufa kabla jua halijawa kali.

Fundi hakumshtaki mama kwa mdomo, hata siku moja. Mke wake ndiye aliyesema, akilia, akizunguka landi nzima, kwamba mtoto wake alipewa uji na asubuhi yake akatemewa mlangoni. Baada ya mazishi mke huyo alipanda treni kwenda kwao na hakurudi tena. Fundi alibaki. Alimsalimia mama kila asubuhi kwa heshima, akimwita kwa jina langu, "Mama Wakesho, umeamkaje?" na mama alimjibu kwa heshima hiyohiyo. Lakini Fundi hakula tena kitu chochote kutoka mkono wa mama. Kwenye ubatizo, kwenye matanga, sahani ikipita mkononi mwa mama, Fundi alisema ameshiba. Wengine walimwona, nao wakaanza kushiba.

Mama alibadilika kwa namna ambayo mgeni asingeiona. Alikuwa mtu wa kulisha kila mtoto anayepita. Tangu hapo hakumpa mtoto hata kipande cha muhogo bila kumwuliza kwanza, "Mama yako anajua uko hapa?" Nilimchukia Fundi kwa swali lile moja kuliko kwa mambo mengine yote. Nilimpenda pia. Sijui nifanyeje na hilo, nimelibeba hivyohivyo.

Kaburi lilikuwa mteremkoni, nyuma ya landi, na juu yake aliweka msalaba wa bati alioukata mwenyewe. Aliupaka nyeupe kila mwezi. Hakukwangua ile ya zamani kama alivyofanya kazini, aliongeza tu, mpaka msalaba ukanenepa na kingo zake zikawa za mviringo. Ukiugusa katika joto la mchana ulikuwa laini, ukaacha alama ya kidole, na mwezi uliofuata hiyo alama ilikuwa imefunikwa. Nilimwona mara moja akibonyeza kidole chake pale, akakiacha muda mrefu.

Na kwenye mwimo wa mlango wake palikuwa na kiganja kidogo chekundu, chini, urefu wa goti la mtu mzima. Landi zote zilipakwa kijani kila mwaka, na yeye ndiye aliyepaka. Alipofika mlango wake alipita pembeni ya kile kiganja kwa brashi nyembamba kuliko zote, ileile ya herufi, akichongoa ncha yake kwa midomo. Yeye asiyekubali herufi ivuke mstari kwa unene wa ukucha alipinda na kila kidole cha mtoto. Msimamizi alikiona, akatazama upande mwingine.

Ilipita miezi. Siku moja ya Jumamosi alitoka uani akapiga kopo kwa mti wa brashi, kuita. Tulisita. Nilimtazama mama nikijua atakataa, na ni kama moyo wangu ulitaka akatae.

"Nendeni," mama alisema. "Nikiwazuia watasema nimejua kitu."

Kisha akaweka sheria. Hakuna kula kule, hakuna kunywa, hakuna mkono mdomoni, na hatuingii ndani mpaka tusuguliwe kwa mafuta ya taa, kisha mchanga, kisha sabuni, chini ya kucha, mpaka ngozi iwake moto. Nilimwambia anatuchubua. Alisema gauni lile halikutakata na hana jingine la kupoteza. Hakujua zaidi ya hapo. Mimi na mdogo wangu Mshai tuko hai, tuna akili zetu, kwa sababu ya mwanamke aliyekuwa akitetea nguo.

Nilijiuliza mara nyingi kwa nini Fundi alitukaribisha, watoto wa mwanamke ambaye yeye aliamini kwamba amemroga mtoto wake. Nilikuwa na mdomo, nikamwuliza. Alikuwa akichuja rangi kwa soksi ya zamani. "Wewe ulicheza naye," alisema. "Kama amebaki mahali, amebaki kwa waliocheza naye." Kisha aliniambia jambo ambalo lilinitia baridi kwenye jua la Voi: kwamba hana picha ya mtoto, hawakuwahi kwenda kwa mpiga picha, na uso umeanza kumtoka. Asubuhi akiamka anapata pua lakini hapati macho. Anamwaga rangi ili amwone, mara moja tu, amkariri vizuri. Ndiyo maana aliuliza tunaona nani.

Ningeweza kumdanganya. Kila Jumamosi nilijiambia leo nitasema, namwona, yule pale. Sikuweza. Aliyesema ni Mshai, ambaye alikuwa na miaka minne na hakumkumbuka yule mtoto kabisa. Treni ya saa tisa ilikuwa imepita, rangi imetulia, na Mshai akainama juu ya bati mikono ikiwa mgongoni kama mama alivyomwagiza.

"Mtoto," alisema. "Amelala."

Hakuna aliyecheka. Nilitazama, nikaona weupe uliojikunja ndani ya nyekundu, na matundu mawili yaliyoachwa na mafuta ya taa yakiwa yamejifunga kuwa mistari. Ulikuwa uso. Sikutaka uwe, lakini ulikuwa. Fundi alipiga magoti na mikono yake ikaanza kutikisika, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipoiona mikono ile inamsumbua. Bati lile hakulirundika na mengine. Alilitundika juu ya kitanda chake.

Tumbo lake lilikuwa likimsumbua miaka yote, lakini hilo tulilizoea. Alitafuna tangawizi, akajifunga mkanda wa kitambaa kiunoni, akasema tumbo lake limezaliwa na hasira. Nilikuwa msichana mkubwa kidogo alipohamishiwa upande wa Taveta. Alikuja kuaga nyumba kwa nyumba. Kwetu alisimama nje. Mama alikuwa amempikia ndizi za njiani, zimefungwa vizuri kwenye kitambaa, na alipomnyooshea, Fundi alisema asante, nimeshiba. Mama alibaki ameshika kile kifurushi mpaka treni ikaondoka. Tulizila sisi.

Miaka ile ya hamsini ilipokuwa inakwisha nilikuwa Mombasa, nikijifunza uuguzi. Siku moja sista aliyetufundisha alisimama mbele ya darasa akatueleza jinsi madini ya risasi yanavyomwua mtu polepole. Yamo kwenye rangi fulani, alisema, hasa zile za kuzuia kutu. Mtu mzima huumwa tumbo miaka na miaka. Ufizi hupata mstari wa buluu. Mwisho mikono hulegea kwenye kifundo, inaning'inia. Watoto wadogo huzilamba rangi hizo kwa sababu zina utamu. Wao huwa weupe, wakali, tumbo huwauma, halafu degedege, halafu basi.

Wenzangu waliandika. Mimi niliweka kalamu chini. Nilikuwa nikimsikiliza mwanamke mgeni, ambaye hakuwahi kufika Voi, akinielezea Fundi wangu kuanzia ufizi mpaka vidoleni, na yule mtoto aliyekaa chini ya gauni jeupe.

Likizo nilimweleza mama. Alikuwa akichambua mbaazi na hakuacha kuchambua.

"Kwa hivyo si uji," alisema.

"Si uji, mama. Wala si hasira."

Nilitarajia furaha, au machozi, chochote. Alisema, "Usimwambie."

"Mama!"

"Ana mtu wa kumkasirikia. Ukimwondolea mimi, atabaki na nani?"

Nilimjibu kwa ukali, nikamwambia watu wameshiba mbele ya sahani yake miaka yote hiyo, imetosha. Aliendelea na mbaazi zake. "Mimi nimezoea," alisema. Nilipanda treni ya Taveta siku ya pili yake, na sikuwa nimeamua. Nilijidanganya kwamba naenda kumjulia hali tu.

Nilimkuta mtaa wa Bomeni, kwenye chumba cha kupanga chenye migomba nyuma, mbali na reli. Alikuwa ameshaachishwa kazi. Alikaa kwenye kigoda na mikono juu ya magoti, viganja vimeanguka kutoka kwenye kifundo kama vya mtu aliyesinzia.

"Wakesho," alisema. "Umerefuka. Keti."

"Mikono imefanya nini, Fundi?"

"Imegoma. Naiambia inuka, inakataa. Nimechanjwa, nimepakwa dawa, wapi." Alicheka, na mstari wa buluu ulikuwa palepale. "Lakini bado namwaga. Watoto wa hapa wananishikia kopo. Mimi ni mdomo tu sasa."

Walikuwepo, watatu, uani, wamechuchumaa. Bati lilikuwa chini, na pembeni yake kopo zito nililolijua. Msichana mdogo kuliko wote alichovya kidole, akakitia mdomoni.

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka nikikivuta kile kidole kutoka mdomoni mwake, nikimfuta ulimi kwa pindo la sketi yangu, mtoto akipiga kelele, na mimi nikipiga kelele kumzidi. Wenzake walikimbia. Fundi alijaribu kuinuka bila mikono, akarudi kukaa.

"Mbona unamfanyia hivyo mtoto wa watu?"

Hapo ningeweza kutafuta uongo. Nilitazama mikono yake, nikamtazama yule msichana, na sikuona uongo ambao ungemwacha mtoto yule salama.

"Hii nyekundu ina sumu, Fundi. Ina madini ya risasi. Inaingia kwa mdomo inakaa kwa mwili. Mikono yako ni hiyo. Tumbo lako ni hiyo."

"Mimi nimeilamba miaka ishirini."

"Ndiyo. Wewe ni mtu mzima, imekula polepole."

Mlango ulikuwa wazi, na ndani, ukutani, niliona bati la Mshai, lile lenye weupe uliojikunja. Alikuwa akilitazama.

"Na mtoto mdogo akilamba?"

"Anaumwa tumbo. Anakuwa mweupe." Nilijaribu kuishia hapo, lakini hakuniondolea macho. "Halafu degedege."

"Alisema ni tamu," alisema Fundi.

"Ndiyo."

"Na mimi nikacheka."

Nililia mimi. Yeye hakulia. Baada ya muda aliniomba nimpanguse jasho usoni, kwa sababu hakuweza, na nikampangusa. Kisha aliuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sasa mama yako alikuwa akifanya nini mlangoni kwangu siku ile? Kwetu watu hutema kubariki na hutema kulaani. Ni maneno yanayoonyesha ni ipi. Sikuyajua yale maneno."

"Muulize mwenyewe," nilimwambia. "Yuko palepale."

Tulichimba shimo nyuma ya migomba, yaani nilichimba yeye akaniangalia, nikafukia makopo yote na mabati yote, isipokuwa lile la ukutani. Nilipolishika alisema, "Huyo niachie. Hakuna tena atakachonifanya." Nilimwandikia barua ya kwenda hospitali ya Voi, akaahidi kuja Jumamosi.

Mama nilimweleza ukweli. Hakunipiga, nilikuwa mkubwa mno, lakini hakusema nami siku nzima, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Jumamosi asubuhi niliona anapika uji wa wimbi, mwingi kuliko tunavyohitaji, na sikuthubutu kuuliza.

Alikuja na treni ya mchana. Alipita kwanza kwenye chumba chake cha zamani, ambako wageni walikuwa wamepaka mlango wote kijani, mwimo mzima, bila kupinda popote. Alisimama pale kwa muda. Kisha alikuja kwetu akasimama uani, mahali aliposimama siku ya kuaga.

"Mama Wakesho," alisema. "Nimekuja kusikia yale maneno."

Mama hakujifanya hamwelewi. Aliingia ndani akatoka na maji kwenye kikombe cha bati. Alichukua funda, akalipuliza chini, kwenye vumbi lililokuwa kati yao, akasema kwa Kiswahili, polepole, akitafuta kila neno. "Nimemkasirikia mtoto kwa sababu ya nguo. Hasira hiyo naitoa. Isimguse. Apoe. Kesho acheze."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu. Siku ile nilitaka kuyasema mara tatu. Ulifunga mlango kwenye ya pili."

Fundi aliinamisha kichwa. "Kwa hivyo ni mimi."

"Ni rangi," mama alisema.

"Na rangi ililetwa na nani?"

Mama alimvutia kigoda, akamwambia akae, akaingia jikoni. Alirudi na uji, akamnyooshea kikombe kwa mikono miwili kama anavyopewa mgeni. Fundi alikitazama. Alijaribu kuinua mkono wa kulia, na kiganja kikabaki kinaning'inia. Alijaribu wa kushoto. Nilisogea nimsaidie, na mama akanitazama jicho moja tu, nikarudi nyuma.

Mama alichuchumaa mbele yake. Aliupuliza uji upoe, akaweka ukingo wa kikombe kwenye midomo ya Fundi, akasubiri. Nilisikia treni ya mizigo ikitoka stesheni, kisha vyombo vyetu vikaanza kutetemeka rafuni, na uji ukatetemeka ndani ya kikombe, na wao wawili hawakusogea. Fundi alifungua mdomo.

Alikunywa wote. Mama akamfuta kidevu kwa pindo la leso, akamwuliza kama aongezewe, naye akasema ndiyo, bado sijashiba.